Maneno ya Kumpokea Mgeni wa Ndege

Mwaka ule tulikula edapal. Kama umezaliwa Turkana huhitaji nikueleze zaidi. Kama hukuzaliwa huku, jua kwamba edapal ni mbegu za mti wa porini ambazo haziingii chunguni mpaka mambo yameharibika. Zinachemshwa kutwa, maji yanamwagwa, yanatiwa mengine, yanamwagwa tena, na bado uchungu umo na harufu haiishi. Kabla ya hapo tulikunywa maziwa, yakakatika. Tukala matunda ya mkoma, yalipokwisha yaliyoanguka tukayarushia mawe yaliyobaki juu. Edapal ilikuja baada ya hayo yote. Tarehe sina. Sisi wa umri wangu tunahesabu miaka kwa tumbo, na mwanamke yeyote mzee hapa Lodwar ukimwuliza mwaka wa edapal ni upi, atakujibu bila kukuna kichwa.

Nimeukumbuka kwa sababu wiki iliyopita gari jeupe lilikuja kunichukua nyumbani linipeleke Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kwa mjukuu wangu. Mjukuu wangu ni mwalimu mkuu. Nasema tena ili usikie vizuri, rafiki yangu: mwalimu mkuu, yule msichana niliyembeba mgongoni akinikojolea. Shule yake ilikuwa inangoja mgeni kutoka ng'ambo, mmoja wa wale wanaotoa chakula cha mchana cha watoto, na mgeni huyo ndiye angeamua kama chakula kitaendelea au kitakatwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshawaahidi watu wa ofisi ya wafadhili hao kwamba nyanya yake atampokea mgeni kwa Kiingereza cha zamani, kile ambacho Waingereza wenyewe wamekiacha. Ofisi ikafurahi sana. Na ni kweli, maneno hayo ninayo. Darasa la nne sikumaliza, lakini ninayo. Ngoja nikwambie yalivyonifikia.

Shule yetu ya misheni ilikuwa vyumba viwili vya mabati, si mbali na mto Turkwel. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na sauti yake ilifika mpaka kule vilimani, ikagonga na kurudi. Asubuhi kabla ya masomo wasichana tulishuka mtoni kuchimba maji. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba kwa kibuyu, mchanga wa juu unakuunguza, wa chini unakupoza vidole, halafu unakaa kungoja maji yajikusanye polepole kama yanayoona aibu. Tukirudi tunafagia uwanja kwa matawi. Upepo unarudisha mchanga wote nyuma yetu. Kesho yake tunafagia tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilikuwa na rafiki, binti wa jirani. Tulitoka boma moja, tukilala juu ya ngozi moja, na nilikuwa najua mlio wa tumbo lake kama ninavyojua wangu. Alikuwa na pengo mbele na mdomo usiopumzika. Nikisoma kwa sauti ananiambia, "We unasema Kizungu kama ngamia anatafuna." Nami namwambia, "Na wewe unakisema kama ngamia aliyemaliza meno." Basi tunacheka mpaka mpishi wa shule anatutishia na mwiko. Mpishi alikuwa mwanamke mnene kuliko wote Lodwar, na mwaka ule tulimpenda kwa unene wake tu. Kumwangalia kulikuwa kama kuonja kitu.

Mwalimu wetu hakuwa mtu wa huku. Alitoka chini, upande wa kusini, na sisi tulikuwa tunasema ametoka Kenya, kana kwamba pale tulipokuwa ni nchi nyingine. Hata leo wazee bado wanasema hivyo. Alifundishwa na wamisheni wazee kwa vitabu vizee, akayapenda maneno makuukuu kama mtu mwingine anavyopenda tumbaku. Akiingia darasani hakusema gudi moning kama walimu wengine. Alisema "Hail!" na sisi tukamjibu "Hail!", mabati yakatetemeka.

Alituambia neno hilo lilipelekwa Uingereza zamani sana na watu wa kaskazini, wenye ndevu na mashua, na kwao lilikuwa na maana ya kuwa mzima, asiyeumwa, asiyepungukiwa na kiungo. Ukimwambia mtu "hail" ulikuwa unamwambia: uwe mzima. Walipokuwa wakipokezana kikombe cha pombe waliambiana hivyo hivyo. "Kwa hiyo ni ejok yenu," mwalimu akasema. Hapo tulielewa, maana ejok ndiyo salamu yetu, na ndani yake mna huo uzima. Tukashangaa kwamba Mzungu naye aliwahi kusalimia kama mtu.

Neno "welcome" nalo, alisema, halikuanza kama salamu. Lilikuwa ni namna ya kumtaja mtu: yule ambaye kuja kwake kulikuwa kunatamaniwa. Si kila anayepiga hodi. Baadaye watu wakasahau, wakaanza kumwambia yeyote tu, hata anayekuja kukamata mbuzi wa kodi. Na mtu akipata mtoto, au akirudi salama kutoka vitani, hawakumtupia lile neno refu la pongezi wanalolisema leo, ambalo asili yake ni ya Warumi. Walimwambia "I give you joy". Nakupa furaha. Kama unayemkabidhi kibuyu mkononi.

Binti wa jirani akainua kidole. "Mwalimu, hiyo furaha ya kugawa wanaitoa wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akafuta miwani, akasema hilo vitabuni halimo.

Nyumbani kwetu mambo yalikwenda kinyume. Nyanya yangu akiona mtu anakuja kwa mbali, kivuli tu kinachotetemeka kwenye joto, hakusema salamu yoyote. Alisema, "Wekeni maji." Mgeni anaketi kivulini, anakunywa, anapewa tumbaku au chochote kilichopo, na ndipo sasa anasalimiwa, anaulizwa watu, anaulizwa mifugo, anaulizwa mvua. Kumsalimia mtu ambaye koo lake limekauka, nyanya aliona ni kumsumbua ajibu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwa mwalimu ilikuwa maneno kwanza, kitu cha kinywani baadaye. Mimi nilikuwa mtoto, sikuona kwamba kuna ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Kisha tukaambiwa mkubwa fulani anakuja kwa ndege na magunia ya mahindi ya njano. Mwalimu akatufundisha kumpokea. Tulirudia mpaka mbuzi wakaacha kushtuka: "Hail, sir! Welcome, sir! We give you joy!" Siku yenyewe mpishi aliwasha moto mapema, akapika uji wa mahindi yaliyokuwa yamefika kwanza kwa lori, pipa zima, tena na sukari. Sisi tukapangwa kando ya kiwanja cha ndege, nguo zimefuliwa, harufu ya uji inatujia usoni kila upepo unapogeuka.

Mwalimu aliamua tusile kwanza. Alitaka kikombe cha kwanza kila mtoto akipokee mkononi mwa mgeni, baada ya maneno. Aliona hiyo ndiyo heshima. Usimchukie, rafiki yangu. Alikuwa mtu mwema, na yeye mwenyewe alikuwa hajala.

Ndege haikuja. Jua likapanda likatukalia kichwani. Mpishi akaja na mwiko wake. "Mwalimu, wape hata kidogo, waloweshe midomo."

"Wakila sasa watasinzia mbele ya mgeni," mwalimu akasema. "Ndege haiko mbali."

"Unaiona?"

"Haiko mbali, mama."

Binti wa jirani akakaa chini. Mwalimu akamwinua kwa upole, akamfuta mchanga kwenye nguo. Akakaa tena. Akaniambia, "We ngamia, nitolee na salamu yangu. Mimi nimechoka." Akalala ubavu. Mpishi akambeba, hakuwa na uzito wa kumsumbua mtu, akamlaza chini ya mgunga karibu na pipa.

Ndege ikaja. Ilizunguka ikatua, vumbi likatufunika, na kutoka ndani yake akashuka mtu mwenye afya njema, mashavu mekundu, anajifuta jasho kwa leso. Tukapaza sauti. Nilipaza mara mbili, yangu na yake, kama alivyoniagiza. Tulimwambia yule mtu aliyeshiba awe mzima. Alipiga makofi, akasema jambo na mwalimu, wote wawili wakatabasamu.

Kisha uji. Mgeni aligawa vikombe vichache akachoka, mpishi akaendelea. Alipofika kwangu alinipa vikombe viwili. Nikajua. Nikanywa kimoja, nikanywa na cha pili. Ulikuwa mtamu. Walimzika rafiki yangu jioni ile karibu na mto na mimi nilikuwepo, nikiangalia mchanga unavyoteremka kurudi shimoni kila walipouchota. Sikulia. Ndani yangu kitu kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa, nikangoja kianze kuchoma, kwa sababu mguu ukiamka huchoma. Hakijachoma mpaka leo. Nimezaa, nimezika mume, nimechekea harusi, na mahali pale pako vile vile.

Muhula uliofuata baba alinitoa shule nikachunge mbuzi waliobaki. Mwalimu alirudi kwao Kenya na hatukusikia habari zake tena. Vyumba vya mabati vilivunjwa. Mgunga ule ulikatwa kuni, sijui na nani. Siku hizi ukipita pale utaona maduka ya simu na bodaboda zimejipanga, na vijana wanasalimiana kwa kugonganisha ngumi, hawataji uzima wala furaha. Siwalaumu. Wale wenye ndevu na mashua nao wamekwisha, na neno lao limebaki kwa mwanamke wa Turkana asiyejua kuandika barua vizuri. Nani angedhani?

Mjukuu wangu nilimpa maneno hayo alipokuwa mdogo, nikimsuka nywele, ili atulie. Watoto wanapenda sauti ngeni. Nilimweleza maana zake zote, nilimwigizia mwalimu na miwani yake. Ile siku ya ndege sikumwambia. Sikuwa namficha. Nilitafuta namna ya kuisema, sikuipata.

Basi nikafika Kakuma. Barabara siku hizi ni lami, nilisinzia njia nzima. Getini mjukuu wangu akanipokea na gauni jipya, akanikumbatia, akanionyesha kiti changu mbele na kipaza sauti. "Ata," akasema, hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya, "baada ya maombi ni wewe. Ukimaliza, mgeni anawapa watoto chakula kwa mkono wake. Itapendeza kwa picha."

Nikageuka nikawaona watoto. Waturkana, Wasudani, Wasomali, Wakongo, wamepangwa mistari juani, nguo safi, midomo imepauka. Nyuma yao sufuria kubwa za wali na maharage zimefunikwa.

"Wamesimama tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu asubuhi, Ata. Mgeni amechelewa kidogo, ndege yao ilichelewa kutoka Nairobi."

Mpishi, mama mmoja wa Kongo, alikuwa anatupitia na ndoo. Akasimama. "Mama mwalimu, batoto beko na njala. Tunangojea nini?"

"Dakika kidogo, mama."

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele, msichana, akakunja magoti akakaa chini. Mwalimu wa zamu akamwinua akampangusa vumbi. Nikaketi kwenye kiti changu. Moyo haukunienda mbio, usifikiri hivyo. Nilikuwa kama ninayeangalia sufuria ya mtu mwingine ikichemka.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Wapeni watoto chakula kwanza. Mimi sifungui mdomo."

Akadhani natania. Kisha akaona sitanii. Akachuchumaa mbele yangu na gauni lake jipya likagusa vumbi. "Ata, tafadhali. Ni maneno matatu tu. Nimeshaahidi. Wakikasirika wakikata chakula, wazazi nitawaambia nini? Utakuja wewe kuwaambia?"

Ana haki ya kuuliza. Hicho chakula kikikatwa, watoto hawa hawa ndio watakaokosa, na si siku moja. Nililijua hilo nikiwa nimeketi pale, nalijua na sasa. Nilimwangalia uso, nikaona ni mtu mzima, amechoka, amebeba shule nzima kichwani, na ninajivunia kila mfupa wake. Nikamshika kidevu. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Magari yakaingia. Kijana wa ofisi akaja mbio na kipaza sauti, jasho linamtoka. "Shosho, ni wewe sasa. Dakika mbili tu, mgeni ako hapa."

Mgeni akashuka, mwanamke wa makamo, anatabasamu, amenyoosha mkono kutoka mbali. Mjukuu wangu akafumba macho. Kijana akaniwekea kile kipaza sauti karibu na midomo, nikasikia pumzi zangu zikitoka kwenye spika zote mbili.

Nikasema, "Wapeni watoto chakula kwanza. Mimi sifungui mdomo."