Bangi Darasani

Jana moshi wa bangi ulipenya dirishani kwangu, nikalifunga haraka.

Nikiwa mtoto, enzi za ukoloni, harufu hiyo ndiyo kakangu, aliyekuwa darasa la juu, aliyoingia nayo darasani kwetu Kisauni, macho mekundu, panga mkononi. Alimpiga mwalimu nalo begani, damu ikaturukia usoni. Mama, aliyekuwa akiuza mahamri langoni, akaja mbio akasimama mbele yetu.

“Mwanangu, nipe panga. Ni mimi, mamako.”

Kaka akamkata mkono. Mama akamng’ang’ania vivyo hivyo, hadi wanaume wakamwangusha kaka na kumfunga kamba.

Jioni, kabla askari wa Mzungu hawajaja kumchukua, bangi ikamtoka kichwani. Akalia, “Nani kamkata mama?”

Mama akauficha mkono ndani ya kanga. “Nimeanguka tu, mwanangu. Kunywa maji.”