Kopo la Chumvi la Canute

Canute Quashie wa Windward, kisiwani Carriacou, alipika melini miaka thelathini, na miaka yote hiyo chakula chake kilizidi chumvi. Mabaharia walikula tu. Katikati ya bahari utakimbilia kwa nani? Mkewe Ismay hakuwa na shida hiyo. Kila Canute alipopika nyumbani, Ismay alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani, akaenda kujikaangia samaki. Canute alikuwa mtu wa kujicheka mwenyewe, ila hilo lilimuuma kwelikweli. Alikuwa na hamu moja tu: amwone Ismay akimaliza sahani aliyoikoleza yeye, walau mara moja kabla hajafa.

Nusura afe kweli. Dhoruba ya Septemba iliikuta meli yao, Lady Odessa, ikitoka Trinidad na shehena ya simenti na vitunguu, ikaitandika mpaka ubavu ukaachia. Watu waliingia mashuani. Canute naye alikuwa ameshakaa, akakumbuka kopo lake la chumvi, akarudi jikoni kulichukua. Hapo ndipo meli ilipozama. Nahodha alifika kwa Ismay analia, akaapa kwamba alimwona mpishi akienda chini na kopo mkononi.

Kumbe aliibuka. Aliibukia katikati ya vitunguu vinavyoelea, akadandia mlango wa mbao, na kesho yake wavuvi wa kisiwa cha Margarita wakamwokota. Walimlisha na kumvisha, lakini hakuna aliyeelewa lugha yake, na kuandika hakujua. Ilimchukua wiki sita kupata chombo cha kumrudisha kwao.

Alishuka Windward saa nane mchana, njaa inamkwangua, kopo kwapani. Uani kwake ngoma zilikuwa zinalia na watu wamejaa. Akapitia mlango wa nyuma. Chumbani palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe: matonge ya ugali, mchuzi wa mbuzi, mbaazi na glasi ya ramu. Sahani ya marehemu, ile anayoandaliwa mfu siku ya kumkumbuka! Akadhani ni ya mama mkwe wake, bibi aliyemnyima hata maji enzi za uhai wake. Akakaa, akamega kwa furaha. Chakula cha wafu hakitiwi chumvi, maana hawaiwezi. Canute alilijua hilo, ila yeye hakuwa maiti. Akafungua kopo.

Philo, shangazi yake Ismay, akachungulia kuona kama marehemu ameridhika. Alimkuta marehemu analamba vidole.

"Mamaaa! Amekuja mwenyewe!"

Watu waliruka ua, mpiga ngoma na ngoma yake. Akabaki Ismay mlangoni, ameshika ufagio.

"Canute, pumzika, mume wangu," alisema. "Tumekulilia vya kutosha. Maliza kula, urudi ulikotoka."

"Nirudi wapi, mke wangu? Nimetoka Margarita!"

"Ndivyo wanavyopaita kuzimu siku hizi?" akauliza Philo kutoka dirishani.

"Ismay, mzimu hauli chumvi. Njoo uonje."

Ismay alikuja ufagio mbele. Akachovya tonge kwenye mchuzi, akatia mdomoni. Uso ukamkunjamana wote.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Rudini jamani! Hakuna mzimu wa kuharibu mchuzi namna hii!"

Uani watu wakacheka na kulia pamoja. Canute peke yake akainamisha kichwa. Alikuwa amerudi kutoka vilindini, na bado mkono wake wa chumvi ulikuwa ule ule. Akaivuta sahani polepole.

"Niachie hii, mama. Nitakukaangia samaki."

Ismay akamshika mkono. "Hiyo sahani ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Marehemu hayupo. Lete hapa."

Akaketi, akala, machozi yakimtiririka, tonge kwa tonge, mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Kisha akaomba maji, glasi tatu.