Mahari ya mjukuu wangu imekwama kwa sababu ya kitu nilichovaa sikioni

Nifichieni jina, umri nauacha wazi. Nina miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, naishi kijiji kimoja huku Ikungi, Singida. Nimezoea kushauri watu, kuomba ushauri sijakuzoea, kwa hiyo nivumilieni nikieleza kwa kirefu.

Masikio yangu yameanza kunitupa mkono. Sauti nazisikia, lakini maneno yananifikia yakiwa yamekatika, hasa ya watoto na wanawake. Nilijua hali imekuwa mbaya niliposimuliwa kwamba watoto wa jirani wanasema kwao, "Mwalimu siku hizi haitikii shikamoo." Mnajua uzito wa neno hilo. Mtu mzima asiyeitikia salamu ya mtoto huhesabiwa kuwa na kiburi, au kinyongo na wazazi wake.

Mjukuu wangu, nimwite Rehema, ni fundi cherehani mjini, pale Utemini. Yeye peke yake ndiye aliyegundua, kwa sababu alinishika nikijibu swali ambalo hakuuliza. Hospitali walishanieleza habari za mashine ya kusaidia kusikia. Nikasema bei ni kubwa, lakini ukweli ni kwamba sikutaka ionekane. Ndipo Rehema akaniletea earphone zile zisizo na waya, akazitegesha kwenye simu ili zipitishe sauti za nje na kuzikuza kidogo. "Babu, watu watadhani unasikiliza mpira tu," akaniambia. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote.

Nizitendee haki, zimenisaidia. Hakuna waya wa kunasa kwenye mpini wa jembe, na sikio moja likichoka unalipumzisha, unatumia la pili. Siku ya kwanza nilimwitikia mtoto marahaba nikiwa nimempa mgongo, nikajisikia mtu tena. Lakini zina adha. Chaji haifiki jioni. Upepo wetu huu ukivuma, unanguruma sikioni kama lori linalopanda mlima. Sikio la mzee limelegea, kwa hiyo zinachomoka ovyo. Na lipo moja ambalo sikulifikiria kabisa: kwa kuwa waya haupo, hakuna anayejua upande wa pili kuna nini, na kila mtu anajaza mwenyewe.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kijiji cha Mkiwa, upande wa kijana anayemposa Rehema, kuzungumza mahari yake. Baba yake Rehema, mwanangu, alishafariki, hivyo msemaji ni mimi. Nilivaa kofia ya sufu nikafunika masikio, na kwa baridi ile hakuna aliyeshangaa. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Nilisikia kila neno na tukakubaliana ng'ombe bila kuinuliana sauti. Kuku alishaiva, ugali ukatengwa. Mshenga wao akaomba tusali kabla ya kula. Nikavua kofia, kama inavyopasa. Earphone moja ikachomoka nayo, ikaanguka mkekani, ikabiringika hadi miguuni pake.

Akaiokota, akaigeuza geuza. "Mwalimu, kumbe hukuwa peke yako. Nani alikuwa anakupa maneno?"

"Ndiyo maana akiulizwa ananyamaza kwanza," mwenzake akadakia huku akicheka. "Alikuwa anangoja jibu lifike kutoka mjini."

Baba wa kijana hakucheka. "Sisi tumekuja na vichwa vyetu tu. Kama mwenye neno ni mwingine, tungepelekwa kwake."

Nilichotakiwa kusema ni kifupi: sisikii vizuri. Hakikutoka. Nikasema, "Ni kitu cha simu tu, nilikisahau." Uongo wa mtoto wa darasa la pili, na nimewasahihisha wengi wa namna hiyo. Wakaaga kwa heshima zote, wakaondoka bila kugusa chakula. Kuku mzima akabaki mkekani. Wageni wa mahari wakiondoka hawajala, hakuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mtauliza kwa nini nilificha. Kaka yangu mkubwa alipopoteza masikio, walianza kumpigia kelele kama mtoto, kisha wakachoka, wakawa wanamjulisha mambo yakishaamuliwa. Alikufa akiwa mgeni nyumbani kwake. Tena ng'ombe wa Rehema nimekusudia wabaki kwa mama yake, mjane wa mwanangu, ambaye hana mwingine wa kumsemea. Mdogo wangu anasema wazi kwamba hao ni ng'ombe wa ukoo, na ukoo anaousema ni yeye. Kila tukikutana ananiambia, "Kaka, wewe pumzika, umeshafanya mengi." Akijua sisikii, atanipumzisha kweli, na kiti changu atakikalia yeye.

Wakati huohuo mchumba wa Rehema anamwuliza ni nani aliyekuwa sikioni mwa babu yake. Juzi Rehema alikuja, tukakaa jikoni akichambua mlenda. Nikamwuliza anamjibu nini.

"Namwambia amwulize babu."

"Umenikasirikia?"

"Hapana, babu. Nimechoka tu."

Aliisema kwa sauti ya chini, na sikuwa nimevaa kitu sikioni. Lakini hiyo niliisikia.

Mshenga ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kutupa jibu la mwisho, na mdogo wangu atakuwepo. Nikieleza ukweli mbele ya wote, huenda Rehema akaolewa, lakini mama yake akabaki mikono mitupu. Nikimfuata mshenga kwake Mkiwa na kumwomba anitunzie siri, nitakuwa nimempa siri mtu ambaye kazi yake ni kusema. Nikinyamaza, mtoto anaendelea kulipa kwa kiapo nilichomlisha mimi. Nimelipima kila upande, nimechoka kulipima.

Nishaurini, ninyi mnaosoma, nifanye lipi kati ya haya, au lipo ambalo sijaliona? Hata wa kunikaripia anikaripie. Andikeni tu, nitasoma yote. Macho bado ninayo.