Magoti ya Mama Mukwe na Vitesi ya Pili

Siku yangu ya kwanza kwenye garaji, hapa Kalemie, sikushika usukani. Shefu wa garaji alinionyesha remoroki, ile gari haina injini, inakokotwa nyuma ya ingine, akasema niipakie. Nikasukumia magunia yote kule nyuma. Shefu akacheka: "Wee kijana, unataka pikapu iiname kama inasali?" Njo nilijifunza: uzito unakaa mbele ya remoroki, ama inainua mukia ya pikapu na kuiyumbisha njia yote.

Wakati ule wa Zaire tulikuwa na pikapu mbili, zote nzee. Tulizikodisha kwa bantu ya matembezi: bapadri, banafunzi, bakubwa ya kiwanda na mahema yao. Mimi nilikuwa na mudomo. Nilichekesha bapasenje mpaka banasahau kama breki ni ya kuombea. Shefu alisema ananilipa juu ya mudomo, mikono ni nyongeza.

Hiyo mudomo ilikufa siku ya bamama wa parokia.

Balitaka kwenda kupika na kuimba kwenye muto, njia ya Niemba. Shefu akatangulia na pikapu moja. Mimi nikafuata na ya pili, bamama nyuma, masufuria na makala ya kupikia kwenye remoroki. Ndani ya kabine, Mama Prezida wao, muntu munene, akakamata dirisha. Kati akakaa mama wa binti niliyekuwa ninaposa. Kwetu, mama mukwe haumuangalie machoni, haumuguse, na ukitaka kumusemesha unapitia kwa muntu mwengine.

Sasa, levye ya ile pikapu, fimbo ya kubadilishia gia, ilikuwa imechoka. Vitesi ya pili, ile ya kupandia mulima na muzigo, ilikubali tu ukiivuta mpaka kwenye magoti ya mwenye kukaa kati. Siku zote nilisemaka: "Sogea, Mama, gari inataka kukusalimia." Siku ile, hata kupitia Mama Prezida, nilishindwa kutaja magoti ya mama mukwe. Nikapanda na ya tatu, ninakanyaga ambrayaji nusu-nusu ili injini isizime. Ambrayaji njo inaunganisha injini na magurudumu. Ukiikanyaga hivyo, inajikwangua mpaka inaungua. Moshi ikajaa kabine. Tukasimama katikati ya mulima.

Muto hatukuiona. Bamama balipika kando ya barabara, vumbi ndani ya muchele. Shefu akarudi, akanusa, akaniuliza mbele ya bote nani alinifundisha kupanda na ya tatu. Ningesema nini? Ati magoti ya Mama?

Akatufunga na chuma ya kukokotea, akatuvuta kurudi muji. Tulikaa batatu vile vile, bega kwa bega. Mama mukwe akageukia Mama Prezida.

"Unisaidie kuuliza shofere: magoti yangu ni ya mayai?"

Mama Prezida akanipelekea maneno yote, bila kucheka.

"Mwambie Mama niliogopa kumukosea heshima."

"Mwambie angelisema, ningelisogea. Na siku binti yangu akigonjwa kwake, ataogopa vile vile kuniita?"

Hiyo Mama Prezida hakuirudilia. Nilikuwa nimesikia.

Kisha Mama akatuma neno: niende mimi mwenyewe mulangoni pake, nimujibu. Nikatuma mujomba. Akamurudisha. Nikamutuma tena. Musimu wa mvua haukuisha, binti akaolewa na mwalimu mumoja wa Moba. Huyo alikuwa amekwenda kupiga hodi mwenyewe.

Ambrayaji, Shefu aliisamehe. Nilibaki na kazi mpaka pansio, siku ya kustaafu. Leo bashofere vijana banakuja kuniuliza mambo ya kukokota, ninabaonyesha uzito wa remoroki, ninabaambia mulima na vitesi ya pili. Bananiita fundi, na mimi ninaona haya.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, yule Mama, muzee sasa, alikodi pikapu imupeleke bandari, aende kuona bajukuu wake Moba. Tulikuwa babili tu. Hakukuwa tena bukwe kati yetu. Ningeweza kusema naye kama muntu yeyote. Kabla sijagusa levye, akakusanya kitenge yake, akasogea mpaka kwenye mulango.

Nikatia vitesi ya pili. Levye ikafika pale magoti yake yangekuwa, haikugusa kitu.