Kundi la Huruma na Chapati za Mjane

Usharika wetu una Kundi la Huruma. Lina sare, lina mwenyekiti, lina hata katibu. Ukifiwa halikuachi. Mimi nilifiwa na mume, basi likaniandama.

Walikuja kwangu Ngara Jumamosi baada ya Jumamosi, kundi zima kwenye sebule ya makochi mawili. Na kwetu mgeni wa maombi haondoki na njaa, kwa hivyo mjane ndiye aliyesukuma chapati. Wao wanaimba sebuleni, mimi jikoni najifuta machozi kwa mkono wenye unga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kutembelewa na hawa. Mwenyekiti, mama wa Westlands mwenye manukato ya kuumiza kichwa, alitangaza kwamba nimeshapona, maana chapati zilikuwa laini.

Kupona wapi! Hata kusali nilikuwa siwezi. Baba Yetu niliyoikariri nikijiandaa kwa kipaimara ilinikwama kooni kila nilipofika "mapenzi yako yatimizwe". Yatimizwe nini tena? Yalishatimizwa, tukayazika. Nilimwambia mwenyekiti ninapokwama. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanipangia somo la imani. Wiki ijayo, kwangu, pamoja na chai.

Siku ya somo, mmoja wao aliacha kochi akaja jikoni. Alikuwa mwenzangu wa kwaya, niliyegombania naye safu ya mbele miaka nenda miaka rudi. Sauti yake, Mungu anisamehe, ni ya mlango usiotiwa mafuta. Akajifunga leso, akanisukuma kando ya jiko, akauliza mbona macho yamevimba hivyo. Nikamweleza, nikasubiri mahubiri.

"Ukifika hapo wewe nyamaza," akasema akigeuza chapati. "Nitakusemea mimi."

Nilimlilia begani mpaka chapati ikaungua. Sebuleni wakauliza ni nini kinanuka. Hakuna aliyeinuka.

Kesho yake kanisani, kwenye Baba Yetu, tulipofika pale nikanyamaza. Usharika wote ukasema mapenzi yako yatimizwe. Halafu nyuma yangu ule mlango ukalia tena, peke yake, maneno yale yale, ukiwachelewesha wote. Mwenyekiti akageuka na macho makali, kwa kuwa Kundi la Huruma halitaki fujo ibadani. Mimi nikaungana na wengine, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu, nikafika Amina.