Nilimnyima Shemeji Somo la Mti Ulionasa

Msinionee huruma, wala msiniambie pole. Mimi ndiye niliyemkatisha shemeji yangu mguu, na sikumgusa hata kwa kidole. Nilinyamaza tu. Leo naongea, na nina hasira ya kujitafuna mwenyewe!

Mimi ni mtu wa Ngara, upande wa Mbuba. Mnaokumbuka miaka ile ya wakimbizi mnajua hali ilivyokuwa. Watu walimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, vilima vikawa hema tupu, na kila hema linapika! Kuni za karibu ziliisha, hata visiki viling'olewa. Mashirika yakaanza kuajiri vikosi vya kukata miti mbali, kwenye mapori ya kuelekea Biharamulo, kuni zikawa zinaletwa kambini kwa malori.

Nikapata kazi kwenye kikosi kimoja. Nikamwingiza na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nimwite Gervas, ingawa siyo jina lake. Kijana mwenye nguvu, mcheshi, na ukimfundisha kitu leo, kesho anakifanya kukuzidi.

Basi shirika likataka kila kikosi kitoe mtu mmoja aende mafunzo. Nikateuliwa mimi, kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na Kiswahili changu kilikuwa kinaeleweka. Tulifundishwa kunoa msumeno wa watu wawili, kuutazama mti unainamia wapi, kukata mdomo, yaani pengo kwenye shina, upande tunaotaka uangukie, kugonga kabari, kufyeka njia ya kukimbilia kabla hujaanza kukata. Mwalimu alikuwa mkali. Alituambia, "Haya siyo yenu. Mkirudi, wafundisheni wenzenu yote." Yote! Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Somo alilolirudia mpaka tukachoka ni la mti ulionasa. Yaani umekata mti, badala ya kufika chini ukaegemea mwenzake. Hapo usipite chini yake. Na usithubutu kuukata ule ulioushikilia! Mnafunga kamba kwenye shina la ulionasa, mnasimama mbali, mnauvuta kwa nyuma mpaka uteleze. Kama hamna kamba, mnaweka alama, mnauacha, mnaondoka.

Nikarudi nimevaa mabuti mapya, nikapewa na baiskeli ya kiongozi wa kikosi. Majirani wakaniita Bwana Miti. Kichwa kikavimba.

Nikaanza kuwafundisha wenzangu. Kunoa, nikafundisha. Mdomo, nikafundisha. Lakini nikimwona Gervas anavyoshika mambo haraka, wivu unanila. Bwana mkubwa wa shirika alikuwa ameshaanza kumsifia. Nikawaza, huyu akijua yote ninayojua, baiskeli ni yake. Nikabana. Vijana wa siku hizi wanaiita roho ya korosho, na mimi nilikuwa na shamba zima la hizo korosho!

Tena Gervas mwenyewe aliniuliza. Tulikuwa tunakula maharage kule porini.

"Shemeji, mti ukinasa juu ya mwenzake tunaushushaje?"

"Hilo ni la kiongozi. Utaniita."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo! Wewe vipi? Unaitaka kazi yangu?"

Wenzetu wakacheka. Gervas akainamisha kichwa, akasema, "Hapana, shemeji, nauliza tu." Kwetu huwezi kubishana mbele za watu na mtu aliyeoa dada yako. Heshima hiyo hiyo ndiyo niliyomfungia mdomo. Mpumbavu mkubwa mimi!

Siku yenyewe sikuwepo. Mnadhani nilikuwa msibani? Nilikuwa naumwa? Wapi! Nilikuwa ofisini kambini, najipendekeza kwa bwana mkubwa, nimempelekea mkungu wa ndizi ili asinisahau mikataba ikifanywa upya. Mimi nacheka vicheko vya uongo, kule porini mti umenasa. Lori limefika, dereva anapiga honi, kambini akina mama wanasubiri kuni. Wenzangu waliniita huku na huku, hawakunipata. Gervas akasema ataushusha mwenyewe. Akachukua shoka, akaenda kukata ule ulioushikilia.

Miti yote miwili ikaja chini pamoja.

Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Ule mguu sitauelezea. Hospitali waliukata juu ya goti. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini barazani analia, "Yoo, Mana yanje! Mungu wangu, mwanangu atalima na nini?" Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikaona afadhali.

Sasa sikieni unyama wangu. Bwana mkubwa aliniita, akaniuliza, "Ulimfundisha habari ya mti ulionasa?" Swali la ndiyo au hapana, basi. Nikasema, "Nilimfundisha, bwana. Ni mbishi tu." Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba ana haraka, kwamba nilishamwonya mara nyingi. Mwongo! Wenzangu wa kikosi walijua, walikuwepo siku ya maharage. Lakini wengi wao walikuwa wakimbizi, wangesema nini dhidi ya kiongozi wao? Kwa neno langu ikaamuliwa kosa ni la Gervas, na kwamba hastahili kulipwa fidia. Hata magongo ya kutembelea alichangiwa na watu wa kanisani.

Nikaenda kumwona wodini. Nilijiandaa kutukanwa. Laiti angenitukana! Alinishika mkono akaniambia taratibu, "Nisamehe, shemeji. Wanasema ulinifundisha. Labda uliniambia, nikasahau. Nimekuaibisha."

Mnasikia? Ananiomba mimi msamaha! Na mimi nikajibu nini? "Usijali, Gervas. Yamepita." Nikamsamehe! Mimi, na mdomo wangu huu! Natamani kujizaba vibao mpaka leo.

Kambi zilipofungwa kazi ikaisha, baiskeli ikala kutu nyuma ya nyumba. Mke wangu hadi leo anamlaumu kaka yake kwa ukaidi, na mimi namwacha amlaumu. Niliitwa tena kazi ya kukata miti kwingine, sikuweza. Mti ukianza tu kulia kabla ya kuanguka, natupa shoka nakimbia.

Lakini kinachonichoma zaidi ni hiki. Siku hizi vijana wa hapa wanatafuta kazi kwenye mashamba ya misonobari, na wazazi wanawapeleka kwa Gervas awape ushauri. Anawaambia, "Wanangu, mwalimu akisema, shikeni. Mimi shemeji yangu alinifundisha vizuri kabisa, nikapuuza. Tazameni nilivyo." Na mimi nimekaa hapo hapo kwenye benchi, natikisa kichwa kama mtu wa maana! Vijana wakiondoka wananipa mkono, "Shikamoo, mzee." Naitikia marahaba. Aibu gani hii?

Wewe uliyepelekwa mafunzo, ya msumeno, ya vitalu vya miche, ya kazi yoyote ile, ukirudi mwaga yote. Unaogopa mwenzako atakuzidi? Akuzidi! Cheo nilichokilinda mimi hakikudumu hata kidogo, mguu wa mtu haukuota tena. Na wewe kijana unayeanza kazi, mkubwa wako akikuambia "utaniita", usikubali. Muulize tena, mbele za watu, hata kama ameoa dada yako. Asipokujibu, weka shoka chini, acha dereva apige honi mpaka achoke!

Gervas amezeeka sasa, kifua kinamsumbua. Jumapili baada ya ibada huwa nakwenda kwake nikiwa nimeyapanga maneno vizuri, na safari hii nasema, liwalo na liwe. Ananisikia nikibisha hodi, anajikokota na gongo lake mpaka mlangoni, uso wote unacheka. "Karibu, mwalimu wangu," ananiambia. Nami nakaa, nakunywa chai yake, narudi nyumbani.

Jamani, semeni mapema. Msingoje mtu afe akijilaumu kwa kosa lenu.