Gari Ambalo Sikuwahi Kuwa Nalo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, pale Bariadi mjini, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye chumba akakigeuza duka. Chumba kimoja kiliwekwa kompyuta nne, kikaitwa intaneti kafe. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, nikawa wa kwanza kutoka kijijini kwetu Mwamapalala kufungua barua pepe. Nilivyotembea siku hiyo, hata ng'ombe walinipisha.

Zuhura, binti mwenye kafe, alinisaidia kujaza fomu. Likaja swali la kunitambua endapo nitasahau neno la siri: gari lako la kwanza ni aina gani? Nyuma yangu watu walisubiri zamu. Mimi nilikuwa na baiskeli, tena breki zake zilikuwa nyayo zangu. Ningetaja baiskeli mbele za watu? Nikataja gari la kifahari.

"Kumbe tajiri!" mmoja akasema. "Utatupa lifti?"

"Liko gereji," nikajibu, wakacheka.

Neno la siri lenyewe sikulishika. Kompyuta ya dirishani ililihifadhi, nami nilikaa hapo kila mara, nikijisifu kwamba ile mashine inanijua kuliko mke wangu.

Kaka yangu Masanja alikuwa migodini, nchi ya mbali kusini. Alipobadili simu, alinitumia namba mpya kwa barua pepe. Niliisoma, nikaiacha humo humo, na anwani yake ya barua pepe nayo ikiwa humo.

Kisha mama akaugua. "Ng'wanawane," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "nipatie Masanja. Nimsikie tu."

Nikanyonga baiskeli hadi mjini. Kompyuta ya dirishani ilikuwa imetoka kutengenezwa, imefutwa kila kitu. Nikabahatisha neno la siri, ikakataa. Likaja lile swali.

"Kaka Luhende, gari lako mwenyewe unalisahauje?" Zuhura akauliza.

"Sijawahi kuwa na gari, dada. Nilidanganya, na nililolitaja silikumbuki."

Hakucheka. Heri angecheka. Tulijaribu kila gari lililowahi kutimua vumbi Bariadi, mpaka akaunti ikafungwa kwa siku nzima. Kesho yake nikarudi, ikafungwa tena. Siku ya tatu mama alifariki, macho yake kwenye simu niliyoishika, simu isiyo na namba ya kupiga.

Masanja alikuja miezi kadhaa baadaye, habari zilipomfikia kupitia msafiri. Alisimama kaburini, nyasi zimeshaota. "Luhende, namba si nilikutumia?" Nikainama, nikaanza kung'oa nyasi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Neno lako la siri lishike mwenyewe, usiiachie mashine ya watu. Ukiliandika, liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, chini ya nguo zako, si ukutani wala dukani kwa mtu. Ukiulizwa maswali ya siri, weka jibu utakalolikumbuka hata siku ya msiba, maana siku ya msiba ndiyo utakayoulizwa. Weka namba ya simu ya kukurudishia akaunti, na ukibadili laini, badili na huko. Na namba za watu wako ziandike pia kwenye karatasi, leo, kabla hujalala.

Mungu akutunzie wazazi wako, mwanangu. Na siku watakapomwita mtoto aliye mbali, akujalie uwe na njia ya kumfikia, aitike wakiwa bado wanasikia.